Kabla ya Kumlaumu Dereva wa Trekta



Chombo kilichokufa kabisa hakina fitina. Fundi hukifungua, akaona palipovunjika, akapatengeneza au akasema hakifai tena. Chombo chenye fitina ni kile kinachogoma leo na kufanya kazi kesho bila ya kuguswa na mtu. Hicho huwagombanisha watu, kwa kuwa kila mmoja hukitafsiri kwa dhana aliyokwisha kuwa nayo moyoni. Wiki hii tumeona ni wajibu wetu kuwasimulia yaliyotupata katika kamati ya msikiti wetu, huku bonde la Kilombero, kwa sababu ya trekta kuukuu lililokataa kuwaka. Tunayasimulia pamoja na makosa yetu, kwani pasipo makosa hayo kisa hakina faida.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, la injini ya Perkins ya dizeli yenye silinda tatu. Aina hii ilianza kuundwa mwaka 1964 katika kiwanda cha Coventry, Uingereza, na mpaka leo ingali inalima katika nchi nyingi, kwa kuwa ni chombo chepesi, hakina mambo mengi, na vipuri vyake hupatikana. La kwetu liliwekwa wakfu na mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa masharti mawili: kwanza lilime mashamba ya wajane na mayatima kwa gharama ya dizeli peke yake, kisha likodishwe kwa wengine na pato lake liwalipe walimu wa madrasa. Kwa hiyo trekta hili likilala siku moja, yuko mama ambaye shamba lake halijalimwa, na yuko mwalimu ambaye mwisho wa mwezi atarudi nyumbani mikono mitupu.

Msimu uliopita, mwezi wa Novemba, lilianza kusumbua. Asubuhi liliwaka kwa mzunguko mmoja. Dereva alilima mpaka adhuhuri, akazima injini ili aswali na apate chakula. Aliporudi na kugeuza ufunguo, ulisikika mlio mmoja tu, tak, kisha kimya. Akageuza tena na tena, kimya. Jioni, jua lilipopoa, aligeuza ufunguo ule ule na trekta likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Siku mbili likawa zima, siku ya tatu likagoma tena.

Fundi wa kwanza aliwasha taa, akaziona zinang'aa vizuri. Akageuza ufunguo, taa zikafifia mpaka zikakaribia kuzimika. Akasema: "Betri imechoka." Ili kuthibitisha, aliunganisha waya kutoka kwenye betri ya lori, na trekta likawaka papo hapo. Nani angebisha? Tulinunua betri mpya kwa fedha za mfuko wa madrasa. Trekta likatulia siku nne, siku ya tano likagoma. Fundi wa pili akasema ni stata. Ikafunguliwa, ikabadilishwa kaboni na bushi, tukalipa. Siku tatu za raha, kisha tak, kimya.

Hapo ndipo maneno yalipohama kutoka kwenye chombo yakamwangukia mtu. Ikasemwa kwamba betri ni mpya na stata ni mpya, basi kilichobaki kibovu ni dereva. Ikasemwa kwamba anapenda kupumzika mchana. Ikaulizwa kwa nini trekta ligome akiwa peke yake shambani. Wengine walinong'ona habari ya husuda na mkono wa mtu. Dereva wetu ni mtu aliyepindukia miaka hamsini, ameliendesha trekta hili kwa uaminifu tangu enzi za mwenyewe aliyeliweka wakfu, na watoto wake wawili wanasoma katika madrasa ile ile. Watoto hao walianza kuulizwa na wenzao kama ni kweli baba yao anaihujumu mali ya msikiti. Mmoja akaacha kuja.

Kamati ikaazimia kumpa onyo la maandishi, na mwandishi wa barua hiyo ni sisi. Tuliiandika kwa lugha safi, tukaipiga muhuri, tukamkabidhi kwa mkono wetu. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akatutazama kwa upole.

"Ustadhi," akasema, "barua umeiandika vizuri. Na zile siku lilipogoma, umeziandika?"

Hatukuwa na jibu. Sisi ambao kazi yetu ni kuandika, tulikuwa tumeandika hukumu kabla ya kuandika ushahidi. Suratul Hujurat, ambayo tumeisomesha vijana mara nyingi, inaamrisha kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Tulikuwa tunaijua aya, na bado tulipita upande wa pili.

Siku hiyo hiyo tulifungua daftari. Tulipiga mistari ya safu: tarehe na saa, injini baridi au ya moto, mvua au jua, kipini cha gia kilipokuwa, sauti iliyosikika, taa zilivyofanya, hatua iliyochukuliwa, na matokeo. Dereva alijaza kila alipowasha, awe amefaulu au amekwama, na sisi tulikwenda shambani kila tulipopata nafasi. Baada ya siku 14 daftari lilikuwa linasema mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyasema katika kikao. Trekta lilikuwa limegoma mara 6. Halikugoma hata asubuhi moja. Mara zote 6 liligoma likiwa limefanya kazi si chini ya saa mbili. Na katika mara hizo 6, mara mbili ufunguo tuliugeuza sisi wenyewe kwa mkono wetu, likatugomea kama lilivyomgomea dereva.

Daftari lilitufundisha pia kwamba neno "limegoma" ni neno pana mno. Kuna kugoma kwa namna tatu, na kila moja ina mlango wake.

Namna ya kwanza ni kimya, au mlio mmoja bila injini kuzunguka. Hapo mashaka yako kwenye njia ya umeme: betri, vichwa vyake, nyaya nene, swichi ya ufunguo, solinoidi na stata. Katika trekta hili kuna kizuizi kingine cha usalama: kipini cha kuchagua mwendo wa juu au wa chini kisipokuwa katikati, umeme haufiki kwenye stata. Mara nyingi fundi ameitwa kutoka mbali kumbe kipini kimesogea kidogo tu.

Namna ya pili ni injini kuzunguka kwa uzito, kama mzee anayepanda kilima. Hapo huenda betri haina chaji ya kutosha, au nyaya zinapoteza umeme, au stata imechakaa, au mafuta ya injini ni mazito kuliko yanayotakiwa.

Namna ya tatu ni injini kuzunguka kwa nguvu lakini haishiki. Hapo umeme hauna kosa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inataka hewa, mgandamizo na dizeli iliyofika kwa wakati. Tazama bomba la moshi huku stata inazungusha. Ukiona moshi mweupe au wa kijivu unatoka, dizeli inafika kwenye silinda. Usipoona moshi wowote, anza kwenye tangi: je, tundu la hewa la kifuniko limeziba? Chujio limejaa uchafu? Kuna kiungo kinachovuta hewa? Kamba ya kuzimia injini imerudi mpaka mwisho? Yote haya hukaguliwa kwa spana mbili na kitambaa, bila ya kununua kitu.

La kwetu lilikuwa la namna ya kwanza, na daima la namna ya kwanza. Tukamwendea mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, tukampa daftari. Alilisoma kurasa zote, jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuwa na cha kulisoma. Kisha akatupa sharti: "Msiniite likiwa zima. Mgonjwa wa homa za vipindi hupimwa akiwa na homa. Likigoma, asiguse mtu waya hata mmoja mpaka nifike."

Siku ya pili yake liligoma saa saba mchana, katikati ya shamba la mama mjane, wingu limetanda. Mzee alifika kwa bodaboda na mita ndogo ya kupimia umeme. Alipima betri kwanza ikiwa imetulia: volti 12.6, yaani imejaa. Akamwambia dereva ageuze ufunguo huku mita imeshikwa kwenye vichwa vyenyewe vya betri: ikashuka kidogo tu, ikasimama kwenye 12.2. "Betri yenu haina dhambi," akasema. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na ncha nyingine kwenye mwili wa stata. "Hapa," akatueleza, "pana waya mnene na chuma kitupu. Ufunguo ukigeuzwa, mita isizidi nusu volti." Dereva akageuza. Tak. Mita ikaonyesha volti 8.

Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa kuwa ndipo siri ilipo. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya wa chanya, hupita kwenye stata, na lazima urudi. Njia yake ya kurudi ni bodi ya trekta, na kutoka kwenye bodi huingia betri kupitia waya wa hasi, ambao mafundi huuita waya wa ethi. Njia ya kurudi ikiwa nyembamba, ni sawa na kuwa na njia nyembamba ya kwenda. Taa za trekta hazitumii zaidi ya ampea 10 hivi, lakini stata hudai mamia. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.04 tu kitazinyima taa volti 0.4, hasara isiyoonekana kwa macho. Lakini stata ikivuta ampea 200 kupitia kiungo hicho hicho, hasara ni volti 8, na stata hubakiwa na volti 4 ambazo haziwezi kuzungusha injini. Ndiyo maana taa ziling'aa ilhali stata imekufa. Na ndiyo maana zilififia ufunguo ulipogeuzwa: hazikufifia kwa uchovu wa betri, bali kwa kuwa nazo zinarudi kwa njia hiyo hiyo iliyosongwa.

Mzee alichukua waya mnene wa kushtulia, akaushika upande mmoja kwenye kichwa cha hasi na upande mwingine kwenye mwili wa stata. Dereva akageuza ufunguo. Trekta likawaka. Ndipo tulipofahamu pia fumbo la betri ya lori. Fundi wa kwanza alipoliwasha kwa msaada wa lori, alikuwa amekibana kibanio cha hasi kwenye bodi ya trekta, kama inavyopendekezwa. Bila ya kujua, alikiruka kiungo kibovu, akadhani amethibitisha kuwa betri ni mbovu. Na kila aliyebadilisha kitu aliutikisa waya ule wakati wa kufunga, ukashika kwa siku chache, akapata sifa na malipo.

Tulifungua boliti ya waya wa ethi. Chini ya kichwa cha waya hapakuwa na chuma kinachogusa chuma. Palikuwa na rangi, mpya na inayong'aa.

Rangi hiyo tuliipaka sisi. Mwezi wa Oktoba kamati iliona trekta la wakfu limechujuka, haliendani na hadhi ya msikiti, tukamtafuta kijana akalipuliza rangi kuanzia mbele mpaka nyuma. Alifungua waya, akapuliza, akaurudisha juu ya rangi. Tangu hapo umeme ulipita kwenye nyuzi za boliti peke yake. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, ulitosha. Baada ya saa kadhaa za joto na mtikisiko, ulishindwa.

Usiku ule tulirudi kwenye kitabu cha mihtasari. Katika kikao cha mwanzo wa Novemba, kwa hati yetu wenyewe, tulikuta mstari huu: "Dereva ameeleza kuwa tangu trekta lipakwe rangi linasumbua kuwaka. Kamati imepokea." Kamati imepokea! Jibu tulipewa siku ya kwanza, na mtu anayekijua chombo, bure. Tukalipokea, tukalifunika kitabuni, tukaenda kununua betri.

Matengenezo yalichukua muda usiozidi nusu saa. Tulikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma cheupe kikaonekana, kwenye bodi na kwenye kichwa cha waya. Tukaweka washa yenye meno, tukakaza, kisha tukapaka grisi kwa juu kuzuia kutu. Mita ikasoma volti 0.2. Tangu siku hiyo mpaka tunapoandika, halijagoma.

Barua tuliifuta katika kikao, mbele ya dereva, na kufutwa kwake kukaandikwa. Mwenyekiti alimwomba radhi, nasi tukamwomba. Alitusikiliza, akasema, "Yameisha, Ustadhi. Ila ile mita na tununue ya kwetu." Tumenunua. Mtoto wake amerudi darasani, baada ya sisi kwenda nyumbani kwao kumweleza mbele ya mama yake kwamba tuliokosea ni sisi. Lakini yapo yasiyorudi. Fedha za betri na stata zilikuwa mishahara ya walimu. Na yule mama mjane mvua ilimkuta nusu ya shamba halijalimwa. Alipanda kwa kuchelewa, akavuna pungufu. Msimu huu tumeanza na shamba lake, na dizeli tumechangishana wanakamati mifukoni mwetu. Hilo ni deni, si sadaka.

Kwa familia zenye trekta, gari kuukuu, pikipiki au pampu ya maji, tunaacha nasaha hizi kwa mpangilio wake. Kwanza, andika: saa, joto, sauti, na kilichofanywa. Pili, jiulize ni kitu gani kiliguswa mara ya mwisho kabla ya tatizo kuanza, na muulize anayekitumia chombo kila siku. Tatu, anza na visivyo na gharama: vichwa vya betri, viungo vya nyaya pande zote mbili, kipini cha gia, chujio, kifuniko cha tangi. Nne, pima wakati tatizo lipo. Tano, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

Na moja la usalama, ambalo akina mama wawaambie vijana wao. Ukifungua betri, toa waya wa hasi kwanza na uurudishe mwisho, na usisogeze moto karibu na betri inayochajiwa. Kisha asithubutu mtu kusimama chini, mbele ya gurudumu la nyuma, akaunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi ili kuliwasha trekta. Njia hiyo hukiruka kile kizuizi cha usalama. Trekta likiwa kwenye gia huwaka na kuondoka papo hapo, na aliyesimama pale hana muda wa kuruka.

Daftari lile bado linaning'inia kwenye ndoano karibu na usukani. Dereva hulijaza kila siku, hata sasa ambapo hakuna cha kuandika ila neno moja: limewaka.

Wabillahi tawfiq.